Kelele za Goli Hutangulia Picha

Siku ya mechi ya usiku, kaa kwenye kibanda umiza kilicho jirani na Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam. Umelipa kiingilio, mmebanana kwenye benchi, macho yote kwenye runinga. Mshambuliaji ndiyo kwanza anaukokota mpira katikati ya uwanja, mara kelele zinalipuka nje, upande zinakowaka taa. Waliomo kibandani wanaruka au wanashika vichwa. Sekunde chache baadaye runinga inawaonyesha goli ambalo masikio yao yameshalipokea.

Kinachochelewa ni picha. Imepigwa na kamera kadhaa, mwongozaji aliye ndani ya gari la matangazo akachagua moja na kuziacha nyingine, mitambo ikaibana, ikarushwa hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ndipo ikarudi kwenye dishi lililo juu ya bati. Nafundisha uandishi wa habari, na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Jirani wa uwanja anajua jambo ambalo mtazamaji wa Songea halioni: kati ya tukio na macho yetu kuna watu na mitambo, na watu hao wanachagua.

Kuchelewa sekunde chache hakumdhuru mtu. Uchaguzi ndio wenye uzito. Muulize mkazi wa Mwanza au Tanga Chamazi ni nini, atakujibu kuwa ni uwanja, ni nyumbani kwa Azam FC. Hajadanganywa. Ila kamera zilizomwonyesha Chamazi kwa miaka yote zilielekezwa kwenye nyasi.

Chamazi hiyohiyo ina kisa ambacho ningependa kila mtoto wa mjini akijue. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, miaka ya 2007 na 2008, walikuwamo wapangaji wengi. Baadhi yao, wengi wakiwa wanawake wa vikundi vya kuweka akiba, walichanga kidogo kidogo, wakisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakaunda ushirika wa nyumba, wakafyatua matofali wenyewe na kuanza kujenga. Ni watu waliohamishwa, wakajitafutia ardhi na kujiandalia makazi.

Kwa nini kisa kama hiki hakisikiki sana? Mwaka 1965 watafiti Johan Galtung na Mari Ruge walichapisha uchunguzi wa jinsi magazeti manne ya Norway yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Hoja yao moja inatuhusu hapa moja kwa moja: tukio huwa habari kwa urahisi likianza na kuisha ndani ya muda wa toleo moja la gazeti. Jambo linalokua polepole halina siku ya kuandikwa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha za jeshi lililipuka Mbagala, jirani na Chamazi, zaidi ya watu 20 wakafariki, na nchi nzima ikaitazama Mbagala. Ilikuwa haki iitazame. Lakini nyumba inayopanda tofali kwa tofali kwa miaka kadhaa haina mlipuko.

Sababu nyingine ni nauli. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka. Akienda Chamazi kusikiliza kero ya maji, nauli ni yake, siku ni yake, na mhariri anaweza kuitupa habari hiyo jioni. Akienda kwenye semina hotelini katikati ya jiji, kuna chai, kuna taarifa iliyokwisha kuandikwa, na mara nyingi kuna bahasha ya fedha. Bahasha naichukia, na wanafunzi wangu wanalijua hilo. Hata hivyo siwezi kumlaumu kijana peke yake wakati ofisi inayomtuma haimpi hata nauli ya daladala.

Umiliki nao una nafasi yake. Familia ya Bakhresa inamiliki klabu na uwanja. Azam Media ni kampuni ya familia hiyohiyo. Na mwaka 2021 kampuni hiyo ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Fedha hizo zimeinua ligi, na shabiki aliye Kagera anaiona timu yake akiwa nyumbani. Ni faida ya kweli. Mtazamaji anastahili tu kujua nani ameshika kamera na nani ana mali mbele yake.

Kisha asubuhi, redioni, mtangazaji anatusomea vichwa vya magazeti. Hapo habari imeshapita kwa mwandishi, kwa mhariri, kwa mpangaji wa ukurasa wa mbele, na sasa kwa mtangazaji. Wengi wetu tunaondoka na kichwa cha habari tu, na jioni tunabishana kwa kichwa hicho.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahariri wa michezo na wa habari za jiji. Siku ya mechi gari la ofisi linakuja Chamazi, mafuta yameshalipwa, na ndani mna mpiga picha. Litumeni saa mbili kabla ya mechi, na lipite kwanza mitaani.