Mto Mkavu Nao Ni Mto

Huku Ugogo mito yetu mingi haina maji ila wakati wa mvua. Kiangazi kikiingia, hubaki mchanga mtupu, na mpita njia asema, "Mto huu umekufa." Wala haukufa. Maji yamejificha chini ya mchanga, nasi twayafuata kwa kuchimba. Hata mji wa Dodoma wapata sehemu kubwa ya maji yake katika visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora.

Kwa hiyo uchafu unaotupwa katika mto mkavu haupotei. Mvua ikinyesha, huzama pamoja na maji mpaka visimani, na mama achotaye awanywesha watoto taka za jirani.

Serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu, na kazi ziwezazo kudhuru, ndani ya meta 60 za ukingo wa mto. Tena halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, wilaya ikizikubali. Basi na tuwaendee wazee wetu, tuombe haya: vyoo na mashimo ya taka yawe mbali, visima vizungushiwe miiba, ng'ombe wanyweshwe kando, kule mto uelekeako. Walimu nao wapime meta 60 pamoja na watoto, waweke mawe ya alama.

Katika Ezekieli 34 Mungu awakemea wanywao maji safi, kisha wakawachafulia wenzao. Tusihesabiwe pamoja nao.