Seli za Jedwali la Kompyuta Zinavyoweza Kupoteza Namba ya NIDA

Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ina tarakimu 20, ambapo nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye namba. Karani anapoiandika bila vistari katika seli ya kawaida ya programu ya Microsoft Excel, programu huichukulia kuwa ni hesabu, hutunza tarakimu 15 tu na kuzigeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Watu wawili ambao namba zao zinatofautiana katika tarakimu hizo tano pekee huonekana kuwa mtu mmoja. Mwananchi anayeambiwa dirishani kwamba taarifa zake hazionekani huenda hakukosea chochote.

Tatizo hilo haliondoki kwa kutengeneza programu mpya peke yake. Katika lugha ya Java, aina ya namba kamili iitwayo long huishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19, hivyo namba ya NIDA haienei humo. Inapaswa kutunzwa kama maandishi, sawa na namba ya simu, ambayo ikichukuliwa kuwa hesabu hupoteza sifuri yake ya mwanzo. Kipimo ni chepesi: hakuna anayejumlisha namba za vitambulisho, basi hazina sababu ya kuwa hesabu.

Majedwali ya programu nyingi za kompyuta za mezani zilizoandikwa kwa Java hutumia JTable, sehemu ya maktaba ya Swing iliyojumuishwa katika Java toleo la 1.2 mwaka 1998. Humo kila seli hushughulikiwa na vyombo viwili. Kimoja huchora kile mtumiaji anachokiona, na kingine hujitokeza pale tu anapoanza kuhariri. Mtayarishaji wa programu anaweza kukibadili kimoja bila kukigusa kingine, na hapa ndipo wengi hujidanganya: hupamba kinachoonekana, wakaacha kinachopokea kikiwa wazi kwa lolote. Namba iliyogawanywa kwa vistari ili isomeke vizuri si namba iliyohakikiwa.

Uhakiki hukaa katika kihariri. Safu ikitangazwa kuwa ya namba kamili, JTable yenyewe huzungushia seli mstari mwekundu na kukataa kuendelea iwapo herufi zimeingizwa. Kwa safu ya NIDA, mtayarishaji huandika kihariri chake, na katika amri ya stopCellEditing huhesabu tarakimu. Zisipotimia 20, hurudisha jibu la kukataa na seli hubaki wazi. Safu ya mkoa hupewa orodha ya kuchagua yenye mikoa yote 31 ya Tanzania, ili «Dar es Salaam», «DSM» na «Dsm» zisije zikahesabiwa kuwa mikoa mitatu. Seli ambazo hazipaswi kuguswa, kama tarehe ya usajili, hufungwa kwa amri ya isCellEditable.

Lipo pia kosa moja lisiloonekana kwa urahisi. Karani huandika tarakimu ya mwisho kisha hubofya kitufe cha kuhifadhi kilicho nje ya jedwali bila kubonyeza Enter. Kwa mpangilio wa awali wa JTable, kilichoandikwa bado kimo ndani ya kihariri tu, na kinachohifadhiwa ni thamani ya zamani. Kuna mpangilio uitwao terminateEditOnFocusLost unaofunga seli mtumiaji anapoiacha, lakini hautoshi peke yake, kwa kuwa kihariri kikikataa thamani hiyo, uhariri hufutwa kimyakimya. Njia salama ni kitufe cha kuhifadhi kuita kwanza stopCellEditing, na jibu likiwa la kukataa, kisihifadhi chochote, bali kimwoneshe karani seli yenye kasoro wakati mwenye namba angali mbele yake.