Siku moja Bruxelles: namna tulivyoipanga



Kama mnavyojua, mwezi wa kumi wenzetu watatu watasafiri kwenda Ubelgiji. Wamama wa parokia moja ya kule wametualika katika mkutano juu ya ushoni na masomo ya mabinti. Mkutano ukiisha, itabaki siku moja tu ya kutembea Bruxelles, mji mkuu wao, kabla ya kupanda ndege. Tunawaeleza leo namna tulivyoipanga siku hiyo, kwa sababu feza ya safari ilitoka katika likelemba yetu sote. Mama anayebaki nyumbani naye ana haki ya kusema wanaokwenda wakaangalie nini.

Tuseme kweli: mpango huu ulituletea maneno. Wengine walitaka Atomium, ile mipira tisa mikubwa ya chuma yenye urefu wa metre 102, iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1958. Wengine walisema twende Matonge tu, tukaone bei ya vitenge, mambo ya picha hayajazi chungu. Kisha mama mmoja mzee, ambaye haongei sana, aliuliza: «Na wale watu wetu waliozikwa kule, nani atawapigia hodi?»

Wengi wetu hatukujua anasema juu ya nani. Basi tukaeleza. Mwaka 1897, wakati wa mfalme Leopold II, Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji, wanaume, wanawake na watoto. Huko Tervuren, karibu na Bruxelles, walijengewa vijiji vya maonyesho, na watu walikuja kwa wingi kuwaangalia kama vile mtu anavyoangalia nyama wa pori. Baridi ilikuwa kali mwaka ule. Saba kati yao waliugua na kufa, na hawakurudi tena kwao. Makaburi yao yako hadi leo kando ya kanisa la Tervuren, na majina yako juu ya mawe: Ekia, Mibange na wenzao.

Chumba kilinyamaza. Toka hapo hatukubishana tena juu ya mahali pa kwanza.

Lakini kupenda jambo si kulipanga. Siku ya bure iliangukia Jumatatu, na siku ya Jumatatu Makumbusho ya Afrika ya Tervuren hayafunguliwi. Kama hatungeuliza mapema, wenzetu wangefika na kukuta mlango umefungwa. Tuliwaandikia wenyeji wetu, wakakubali kusogeza mkutano ili siku ya bure iwe Jumapili. Hilo ni somo la kwanza: kabla ya kupanga saa, uliza siku za kufunga.

Somo la pili: usivute pembe mbili za mji kwa siku moja. Atomium iko upande wa kaskazini, Tervuren iko mashariki, nje ya mji. Atomium tumeiacha. Mshika mbili moja humponyoka.

Sasa huu ndio mpango wenyewe.

Saa mbili ya asubuhi: kushuka kwenye gare ya kati, Bruxelles-Central. Kutoka pale ni mwendo mfupi wa miguu mpaka Grand-Place, uwanja wa kale wenye nyumba za vyama vya mafundi na wachuuzi. Mwaka 1695 mizinga ya Wafaransa iliuvunja uwanja huo, na wenye mji wakaujenga upya. Kuutazama hakulipishwi. Karibu na hapo iko ile sanamu ndogo ya mtoto anayekojoa, Manneken Pis. Watakaotarajia kitu kikubwa watacheka, kwa sababu haifiki hata kiuno cha mtu mzima.

Saa nne: metro namba 1 mpaka Montgomery, halafu tramu namba 44, inayopita kati ya miti mikubwa mpaka Tervuren. Wachukue tiketi ya siku nzima, isiwe ya safari moja moja.

Kabla ya mchana: makumbusho. Jengo lilifunguliwa mwaka 1910, kisha likafungwa miaka mitano kwa matengenezo na kufunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2018. Mle ndani kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1508 waliofia Kongo. Fundi wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliweka pale kazi yake: majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji yanaanguka kama kivuli juu ya ukuta ule. Wenzetu wasikimbilie kuona vyote. Wachague vyumba viwili au vitatu, waandike kwenye daftari.

Mchana: kwa miguu mpaka kanisani, kwenye makaburi saba. Hapo hakuna saa. Mama mzee ameomba wawasalimie kwa Kiswahili na kuwaambia kwamba nyumbani hawajasahauliwa. Ni hilo tu.

Saa kumi: kurudi mjini, kushuka Porte de Namur. Pale uko uwanja mdogo unaoitwa kwa jina la Patrice Lumumba toka tarehe 30 mwezi wa sita 2018. Bruxelles ndipo tarehe ya uhuru wetu ilipokatwa, kwenye Meza ya Mviringo ya mwaka 1960, na Lumumba alitolewa gerezani ili aende kuketi pale. Hatua chache tu, na mmekwisha ingia Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Hapo ndipo pa sombe na makayabu, na pia pa kazi: waulize kitenge kinauzwa bei gani, nani anashona, nani angenunua nguo zetu.

Mambo madogo yasisahauliwe. Viatu vilivyozoea miguu, siyo vipya. Koti, kwa sababu mwezi wa kumi kuna baridi na mvua. Sarafu mkononi, maana vyoo vingi vya mji vinalipishwa. Kopi ya pasiporti ndani ya nguo. Na wote watatu wawe na namba ya simu ya mwenyeji kwenye karatasi, isiwe ndani ya simu tu, simu huzimika.

Wakirudi, wataeleza mbele ya wote, na daftari litabaki darasani kwa watoto wetu wa sekondari. Mama mwenye swali analotaka liulizwe Tervuren au Matonge, alilete siku ya mkutano wetu wa Alhamisi. Siku ni moja, lakini macho yatakayoangalia ni yetu wote.