Mistari Minne Begani na Gharama Yake

Jumamosi ya tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma. Abiria kwa maelfu wakakwama, na mitandaoni maneno yakawa makali: watu wanaolipwa vizuri hivyo wanataka nini tena? Moja ya madai yao makubwa lilikuwa michango ya mwajiri kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni. Asubuhi iliyofuata, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia. Marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao.

Siku hizo mbili zinaieleza kazi ya urubani kwa ukamilifu kuliko picha ya kijana aliyevaa sare nyeupe: mshahara unaotamaniwa, na kiti kilicho mbele ya viti vyote.

Mshahara huo upo, na kapteni wa ndege kubwa, mwenye mistari minne begani, ni miongoni mwa waajiriwa wanaolipwa vizuri zaidi katika ukanda huu. Lakini anayeutamani aanze kuhesabu kutoka mwanzo. Leseni ya rubani wa biashara huhitaji takriban saa 200 za kuruka, pungufu kidogo kwa anayesoma kozi ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa, na gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Kuna familia zinazouza kiwanja ili kumsomesha mtoto mmoja. Akihitimu, anakuta leseni ya juu kabisa, ile anayopaswa kuwa nayo kapteni wa shirika la ndege, inadai saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 ndipo vijana wengi wanapokwama, leseni mkononi, deni mgongoni.

Waliobahatika huziba pengo hilo kwenye Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayopeleka watalii Maasai Mara kutoka uwanja wa Wilson, au Serengeti kutoka Arusha. Huko rubani hupanga mizigo kwa mikono yake, hupiga hesabu ya uzito na kuwaonyesha abiria namna ya kufunga mikanda. Akifika juu ya kiwanja cha vumbi, hutazama kwanza kama pundamilia wamesimama njiani. Wakiwapo, huzunguka angani mpaka gari lililo chini liwafukuze. Ni shule ngumu, na hakuna simuleta inayoweza kuifundisha.

Anayevumilia huvuna. Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa Kenya Airways, alifika mwaka 2014 mahali ambapo hakuna mwanamke wa Afrika aliyekuwa amefika kabla yake: ukapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Na ipo raha ambayo haiandikwi kwenye hati ya mshahara, ile ya kupenya mawingu alfajiri na kukuta kilele cha Kilimanjaro kimeshapata jua wakati Moshi mjini bado kuna giza.

Ila alfajiri hiyo ina bei. Ndege ya saa kumi na mbili asubuhi humtoa rubani kitandani saa nane au tisa usiku. Kabla abiria hawajapanda, yeye ameshaizunguka ndege na tochi mkononi, akikagua matairi, mapanga ya injini na vibomba vidogo vya kupimia kasi. Wiki inayofuata huenda akaruka usiku kucha. Mamlaka nyingi humwekea kikomo cha saa 900 hadi 1,000 za kuruka kwa mwaka, na mtu wa ofisini anaweza kuziona chache. Saa hizo hazihesabu kusubiri uwanjani, wala usingizi uliokatika.

Tarehe 25 Januari 2024, marubani wawili wa Batik Air walilala kwa wakati mmoja ndani ya Airbus A320 iliyotoka Kendari kwenda Jakarta, Indonesia. Kwa dakika 28 waongozaji wa anga hawakuwapata. Abiria 153 walifika salama. Uchunguzi ulieleza kuwa rubani msaidizi alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani, na alikuwa akimsaidia mkewe kuwalea. Mzazi yeyote anaujua uchovu huo. Tofauti ni kwamba karani akisinzia, kinachochelewa ni faili.

Kisha kuna jambo ambalo watu wachache hulifikiria: mkate wa rubani unategemea mwili wake. Cheti cha afya cha daraja la kwanza huhuishwa kila mwaka, na baada ya umri wa miaka 60 kila miezi sita. Moyo, macho, masikio na akili, vyote hukaguliwa. Miwani haimzuii mtu, kinyume cha wanavyoamini wengi, lakini kifafa humzuia. Mwalimu akipata tatizo la moyo huweza kurudi darasani. Rubani huweza kupoteza kazi aliyoilipia mamilioni.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayeota urubani asianze na chuo. Aanze na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, mtoto apimwe afya ya daraja la kwanza. Majibu yakiwa mazuri, ndipo kiwanja kiuzwe.