Kutoka Kolo Kwenda Ghorofani (Sehemu ya Pili): Vitu Vitakaa Wapi?

Wiki iliyopita tulieleza maana ya kununua fleti chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, Namba 16 ya mwaka 2008. Tuliona kwamba mnunuzi anapata hati ya sehemu yake, na juu ya hiyo anakuwa na fungu katika mali ya pamoja: ngazi, korido, paa na kiwanja. Leo tunaingia katika swali ambalo dalali halitaji hata siku moja: ukishakabidhiwa ufunguo, vitu vyako vitakaa wapi?

Swali hili si geni kwetu sisi watu wa Kolo, Kondoa. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, vijana wetu wengi wamepata kazi huko. Barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, inapita hapa hapa mlangoni. Wazazi wanaitwa wakakae karibu na watoto na karibu na hospitali, na mara nyingi makao yenyewe ni ghorofa ya tatu au ya nne.

Tuanze na tunachokiacha. Mgeni akiiona nyumba ya Kolo huhesabu vyumba: vitatu, vinne. Mwenyeji anajua kwamba nusu ya kazi ya nyumba hufanyika nje. Uani ndiko kuna jiko la kuni, kinu, mapipa ya maji, banda la kuku, kamba ya nguo na turubai la kuanikia uwele. Wazee wetu waliojenga tembe walikwenda mbali zaidi: paa lile la udongo, lililo bapa, lilikuwa uwanja wa kuanikia mtama, na ndani kihenge kilishika nafasi yake kama mtu wa familia. Fleti ya vyumba vitatu inakupa vile vyumba vitatu. Ua haumo kwenye bei.

Wenzetu walishapita njia hii. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Karume ilijenga majumba ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kuanzia Kikwajuni hadi Michenzani, na mengine yakapelekwa mpaka mashamba, Bambi na Makunduchi. Mkulima akajikuta anaishi juu huku jembe na mavuno yake yakihitaji kuwa chini. Karibu zaidi na siku zetu, Machi 2022, zilizinduliwa nyumba za ghorofa za Magomeni Kota, Dar es Salaam, kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika kota za zamani za chini. Aliyezoea kutoka mlangoni akakanyaga mchanga sasa anatoka mlangoni akakanyaga korido ya watu wote.

Na korido hiyo, kama tulivyosema wiki iliyopita, ni mali ya pamoja. Gunia la mkaa unaloliegemeza pale limekaa kwenye mali ya jirani yako, na siku moto ukizuka ndilo litakalowaangusha watu wanaokimbia gizani. Kwa hiyo futa korido na ngazi katika hesabu zako za stoo. Kinachobaki ni mambo matatu: ujazo, uzito na umbali.

Ujazo una siri yake. Kitanda cha futi sita kwa sita kinafunika kama mita za mraba 3.3. Kikiinuliwa sentimita 30 kutoka sakafuni, uvungu wake ni karibu mita moja ya ujazo. Hapo yanaingia masanduku ya nguo, mablanketi ya wageni, majamvi na vyombo vya shughuli. Juu ya milango na juu ya makabati ya jikoni kuna nafasi nyingine inayofika darini. Mwambie seremala akutengenezee kabati la kufika juu kabisa, na alifunge ukutani kwa skrubu. Sisi wa ukanda huu tunaishi kando ya Bonde la Ufa, tetemeko si hadithi kwetu, na kabati refu lisilofungwa linaweza kumwangukia mtu usingizini.

Seremala huyo mpe na agizo la pili. Makabati mengi ya huku hupigwa misumari na gundi yakawa kitu kimoja. Kabati la milango mitatu la namna hiyo likifika kwenye kona ya ngazi halipindi, na wabeba mizigo watakuuliza kama walirudishe kwenye kirikuu. Kabla ya kuhama, nenda na futi ya kamba ukapime upana wa mlango, upana wa ngazi pale inapokata kona, na lifti kama ipo. Kisha rudi upime vitu. Kisichopita na kisichofunguka kiuze Kolo, ambako bado kina mteja.

Uzito ndio jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Ghala hujengwa kwa makadirio makubwa zaidi. Sasa chukua gunia la mahindi la kilo 100. Likilazwa hukalia kama mita ya mraba 0.6, yaani gunia moja tu limeshafika kilo 160 na zaidi kwa mita. Ukilipandishia la pili, umeshapita makadirio pale lilipo. Ule uvungu tuliousifu unaweza kumeza mahindi ya magunia saba kwa ujazo, lakini hizo ni kilo 700, na bado hujakihesabu kitanda chenyewe na wanaokilalia. Usemi wa kwamba zege ni zege usikudanganye. Fundi aliyelimwaga alikuwa na namba kichwani, na namba hiyo haikuwa ya ghala.

Maji ni hivyo hivyo. Dodoma ina mgawo wa maji, na mtu wa Kolo kwa mazoea atataka simtanki. Lita 1,000 za maji ni tani moja kamili, inayokalia eneo la kama mita moja ya mraba. Kuiweka kwenye balkoni iliyojitokeza nje bila nguzo ni kucheza na maisha ya waliopo chini. Madumu machache ya lita 20, yaliyopangwa kufuata ukuta badala ya kurundikwa katikati ya chumba, yanatosha kwa siku za mgawo. Kabla ya kununua, uliza jengo lina tanki la lita ngapi, na pampu yake inatumia luku ya nani.

Jikoni kuna marufuku mbili. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya fleti. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa wamelala. Tumia gesi, na mtungi wa akiba usiufungie kabatini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kusubiri cheche. Mtungi usimame wima mahali penye hewa. Kinu nacho kibaki Kolo. Jirani wa chini hatavumilia mchi juu ya kichwa chake kila alfajiri.

Sasa tufike kwenye umbali, ambako ndiko ufumbuzi ulipo. Mwaka 1979, katika mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, na Kolo ikiwamo. Wazee wetu hawakuacha kuwa na ng'ombe. Waliwapeleka kwa ndugu nje ya eneo, kaya moja ikawa na miguu miwili. Ujuzi ule ule unatufaa leo. Magunia sita ya chakula cha mwaka hayana sababu ya kupanda ngazi yote kwa pamoja. Moja liende Dodoma, matano yabaki Kolo kwa ndugu mwaminifu, na kila linapoisha basi linaleta jingine. Barabara ya lami imekuwa sehemu ya stoo.

Ili gunia linalosubiri lisiliwe na dumuzi, tumia mfuko usiopitisha hewa wenye tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja ya gunia nje. Wadudu wakimaliza oksijeni iliyomo hufa, na hutumii dawa. Sharti ni mahindi yawe makavu. Kipimo ni rahisi: tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, funga, tikisa, kisha iache kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Hesabu ya mwisho ni ya fedha. Tuseme fleti ya mita za mraba 80 inauzwa shilingi milioni 120. Kila mita ni milioni moja na nusu. Kitanda cha akiba kisicholaliwa, kile cha futi sita kwa sita, kinakalia nafasi ya shilingi milioni tano. Hakuna kitanda cha mninga kinachostahili kodi hiyo. Mgeni wa mara moja kwa mwaka atandikiwe godoro lililotoka uvunguni.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaweka sahihi, chukua daftari na uzunguke nyumba yako, uanzie uani. Andika kila kitu katika safu nne: kinakwenda, kinabaki Kolo, kinauzwa, kinagawiwa. Safu ya kwanza ikiwa ndefu kuliko nyingine zote, fleti hiyo bado hujaiweza, na ni nafuu kulijua hilo ukiwa bado na fedha yako mkononi.

Wiki ijayo: ada ya huduma, jumuiya ya wamiliki, na nani analipa lifti ikiharibika.