Habari mubashara sebuleni: Mtoto atazame au uzime?

Jumapili asubuhi, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Haukupita muda, picha za wavuvi na waokoaji waliozunguka ndege iliyozama zikawa kwenye simu na runinga, Mwanza na nchi nzima. Ilikuwa siku ya mapumziko, watoto wako nyumbani.

Siku hizi si lazima kuwahi taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku. Mzazi aliyechelewa kwenye daladala huitafuta YouTube akiwa kitandani. Je, bado kuna haja ya kurusha matukio mubashara?

Kwa wenye ndugu zao kwenye tukio, ipo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, lakini waliokufa walizidi 220. Giza lilipoingia, uokoaji ulisitishwa hadi asubuhi. Siku mbili baada ya ajali, fundi wa kivuko hicho alitolewa akiwa hai. Kwa familia iliyokuwa ikisubiri ufukweni au mbele ya runinga, habari kama hiyo haingojwi hadi usiku.

Hata hivyo, mubashara ina kasoro zake. Saa za mwanzo ajali ya Bukoba ilipotokea, ilielezwa kwamba watu 26 wameokolewa. Baadaye ikathibitika kuwa walionusurika ni 24 na waliofariki ni 19. Aliyetazama asubuhi kisha akazima runinga alibaki na hesabu isiyo sahihi.

Kasoro ya pili inagusa afya. Baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za Boston nchini Marekani mwaka 2013, watafiti waligundua kuwa waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, walieleza kuwa na msongo mkali kuliko hata watu waliokuwapo eneo la tukio. Hao walikuwa watu wazima. Mtoto mdogo, picha ileile ikirudiwa mara kumi, anaweza kudhani ndege imeanguka tena.

Tena kamera ya mubashara haijui nini kitaibuka majini dakika inayofuata, na mzazi naye hajui. Habari iliyorekodiwa inampa mzazi nafasi ya kutazama kwanza, ndipo aamue mtoto aone nini.

Mzazi afanye nini?

Kama kuna ndugu kwenye tukio, mtu mzima mmoja afuatilie mubashara, ikiwezekana kwa simu na mbali na watoto, kisha awaeleze wengine kilichothibitishwa.

Kama hakuna, subiri taarifa ya usiku. Usiache runinga ikirudia ajali wakati watoto wanakula.

Mtoto akiwa ameshaona, usimfokee wala kumwambia "si kitu". Muulize ameelewa nini, umjibu kwa ukweli na kwa maneno machache, umweleze pia kuhusu wavuvi waliokimbilia kuokoa watu.

Akianza kukojoa kitandani, kushtuka usingizini au kukataa shule, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya.

Mtoto wa Ukerewe au Sengerema huenda akapanda chombo cha majini tena likizo ijayo. Kabla ya safari, mwonyeshe jaketi la kujiokolea lilipo na jinsi linavyofungwa. Kivuko kikijaa kupita kiasi, shukeni msubiri kinachofuata, ili ajifunze kwamba hata kwenye maji kuna jambo mzazi wake anaweza kufanya.