Mwalimu Akienda Kujifunza kwa Mwenzake

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo walivyosema wazee. Lakini, msomaji mpenzi, wako wageni ambao humwacha mwenyeji na jeraha. Nalijua hilo, maana nami nilikuwa mgeni wa namna hiyo.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na makanisa kwa mapatano ya 1977, hayana karo. Watoto wakajaa madarasani. Niliposikia kwamba mwalimu mmoja upande wa Kabambare anajua kufundisha wengi kusoma, nikaondoka Kasongo kumfuata. Safari yazidi kilomita 100, na wakati wa mvua matope hushika magurudumu ya pikipiki.

Nilifika pasipo kupeleka habari. Hilo kosa la kwanza. Nikaingia darasani kabla ya kumwamkia mkuu wa shule, la pili. Nikaketi mbele, karibu na ubao; la tatu. La nne ndilo lililoniaibisha. Mwalimu aliandika neno la Kifaransa, akasahau herufi moja. Nikasema kwa sauti: «Mwalimu, umekosa hapo!» Watoto wakacheka. Yeye akafuta, akaandika upya, akaendelea. Lakini tangu hapo, kila aliposema neno, watoto walinitazama mimi kwanza, wapate kujua kama mwalimu wao amesema kweli.

Jioni mkuu wa shule, mzee mwenye mvi, akaniuliza kwa upole: «Mwanangu, ulikuja kujifunza au kukagua? Kama umetumwa kukagua, tuonyeshe barua.» Nikakosa la kujibu. Mimi ningerudi kwangu, na mwenzangu angebaki na darasa lisilomwamini.

Asubuhi nilimwomba msamaha mbele ya watoto walewale, kisha nikaketi nao benchi la nyuma. Hapo ndipo nilipoona nilichokifuata. Watoto wamepangwa kwa vikundi. Katika kila kikundi yumo mmoja ajuaye kusoma, naye huwasikiliza wenzake wakisoma Kiswahili, huku mwalimu akiketi na walio dhaifu. Hata jana yake mpango huo ulikuwapo, ila macho yangu yalikuwa yametekwa na herufi moja.

Basi, ndugu walimu, tushike haya. Peleka habari mapema, uulize siku ifaayo. Fika kwanza kwa mkuu wa shule. Kaa nyuma, ukiandika na kunyamaza. Ukiona kosa, mwambie mwenzako faraghani, watoto wakiisha kutoka. Usisifu shule yako mbele ya wenyeji. Usiende mikono mitupu: mpelekea mwenzako somo moja ulilolijaribu likafaulu. Na ukirudi kwako ukafundisha ulilolipata, taja aliyekupa.

Nawe mwanafunzi, mgeni akiingia darasani mwenu, simama umsalimu. Kisha rudisha macho yako kwa mwalimu wako.

Baadaye mwalimu yule alikuja kwetu Kasongo. Habari yake ilinifikia majuma mawili mbele, akaketi nyuma kabisa. Siku ile nilikosa hesabu ubaoni, nami sikujua. Alinyamaza. Watoto walipokwisha kutoka, alinikaribia, akanionyesha tarakimu kwa kidole, akasema: «Kesho uwasahihishie mwenyewe, ndugu yangu.»